Moto Unatupwa, Jirani Anatetemeka



Huko Ulaya ya kaskazini, tangu mwezi wa kumi hata mwezi wa nne, nyumba isiyopashwa moto si nyumba ya kukaliwa na watu. Sisi tuliozoea jua hatufahamu neno hili upesi. Usiku wa mwezi wa sita, kule Lubumbashi, tunavaa koti, tunakaa karibu na mbabula. Asubuhi jua linatoka, na baridi imekwisha. Kwao baridi inakaa miezi sita. Maji yanakuwa mawe barabarani. Mzee asiyeweza kupasha nyumba yake anashikwa na ugonjwa wa mapafu, na kila mwaka wengine wanakufa. Kwa hiyo kila nyumba inanunua moto: gazi, mazuti, umeme au kuni. Mwaka 2022, vita vilipowaka Ukraine na gazi ya Urusi ikapungua, bei ilipanda hata watu wenye kazi nzuri wakaogopa kufungua barua ya kompani ya gazi. Ndugu zetu waliohamia Bruxelles, Liège na Paris wanaijua habari hiyo kuliko sisi.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Katika nchi zile zile, siku zile zile, moto mwingi mno ulikuwa unatupwa. Ulitupwa hewani, ulitupwa mitoni, ulitupwa baharini. Mtu huyu analipa fedha ili asitetemeke. Jirani yake analipa fedha ili moto umwondokee. Ndiyo, analipa! Maana viwanda na majumba ya kompyuta vina mashini kubwa za kupoza, nazo zinakula umeme usiku na mchana. Watu wawili wametengwa na barabara moja tu, na kila mmoja analipia shida ambayo mwenzake angeimaliza.

Mimi nasema: hiyo ni aibu. Si aibu ya mafundi, maana mafundi wameonyesha njia tangu miaka zaidi ya mia. Ni aibu ya wakubwa wa miji, wa serikali na wa kompani, wasiotaka kukaa pamoja na kupatana.

Moto huu unatoka wapi?

Kila kazi ya mashini inaacha moto nyuma yake. Gusa injini ya lori lililotoka kupanda mlima, utafahamu. Weka mkono nyuma ya friji: pana joto, kwa sababu friji inaondoa joto katika chakula na kulitupa nje. Kiwanda cha umeme kinachochoma makaa ya mawe kinageuza kuwa umeme sehemu tatu au nne tu katika kumi za moto wake. Sehemu zinazobaki zinatoka kuwa mvuke na maji ya moto. Ile minara minene tunayoiona katika picha za Ulaya, yenye wingu jeupe juu yake, watu hudhani inatoa moshi. Sivyo. Kazi yake ni kutupa moto.

Kompyuta zimezidi. Umeme unaoingia ndani ya kompyuta, karibu wote unageuka kuwa joto. Barua na picha zinakwenda zake; joto linabaki. Kila unapotuma ujumbe kwa simu, mahali fulani, ndani ya jumba kubwa lisilo na madirisha, mashini inapata joto kidogo. Ireland ni nchi ya baridi na mvua. Idara ya serikali ya nchi hiyo inayofanya hesabu za taifa ilionyesha ya kuwa mwaka 2023 majumba ya kompyuta yalikula sehemu 21 katika 100 za umeme wote uliopimwa. Nyumba zote za watu wa mijini, kwa jumla, zilitumia sehemu 18. Fikirini basi: umeme unaopita ule wa nyumba zote za miji unageuka kuwa hewa ya moto, na karibu yote inapulizwa juu kwa ndege.

Si jambo jipya

Wako wanaosema: "Hayo ni mawazo ya leo, hayajajaribiwa. Tungoje kwanza." Wangoje nini? Mwaka 1903, Frederiksberg, mji uliozungukwa na Copenhagen katika Denmark, ulijenga kiwanda cha kuchoma takataka, kwa sababu ulikosa mahali pa kuzitupa. Moto wa takataka haukuachwa upotee. Ulipelekwa kwa mabomba ukapasha hospitali, makao ya watoto na nyumba ya maskini. Tazameni waliotangulia kupata faida: mgonjwa, mtoto na maskini. Wakubwa wa mji ule hawakuwa na kompyuta wala intaneti. Walikuwa na akili na nia, basi.

Tena, mwaka 1950, London ilikuwa bado inajijenga baada ya mabomu ya vita. Ng'ambo moja ya mto Thames palikuwa na kiwanda kikubwa cha umeme cha Battersea, na ng'ambo ya pili, katika Pimlico, mji ulijenga nyumba mpya za watu wa kawaida, zinazoitwa Churchill Gardens, zaidi ya 1,600. Mafundi walipitisha mabomba chini ya mto. Maji ya moto ya Battersea yakavuka, yakawekwa katika mnara mrefu, na toka hapo yakagawanywa nyumba kwa nyumba. Wenye shaka walisema: "Je, kiwanda kikifungwa?" Kweli, Battersea ilifungwa mwaka 1983. Watu wa Pimlico walikufa na baridi? Hata kidogo. Mabomba yalikuwa yamelazwa zamani. Wakaweka mitambo mingine ya kuchemsha maji, kazi ikaendelea. Bomba halichagui moto. Ukiwa nalo, leo linapokea moto wa makaa, kesho wa takataka, kesho kutwa wa kompyuta. Asiye na bomba ndiye anayenaswa na bei ya gazi.

Denmark ililijua neno hilo kwa uchungu. Mwaka 1973 Waarabu walipozuia mafuta, nchi hiyo ilikuwa ikitegemea mafuta ya kigeni karibu kwa kila kitu. Jumapili magari yalikatazwa barabarani. Hawakukaa kulia. Mwaka 1979 walitunga sheria ya moto wa nyumba, na kila mji ukalazimika kufanya mpango: mabomba yapite wapi, moto utoke wapi. Leo karibu nyumba mbili katika kila tatu za Denmark zinapata moto kwa mabomba ya pamoja. Si moto wote huo ni wa kuokotwa. Mwingine unatoka katika kuni na majani makavu yaliyochomwa makusudi. Lakini bomba lipo, na mwenye moto wa ziada ana mahali pa kuupeleka.

Hata shaba inapasha nyumba

Habari hii inatuhusu sisi watu wa shaba. Katika mji wa Hamburg, Ujerumani, kuna kiwanda cha kuyeyusha shaba cha kompani ya Aurubis. Mawe ya shaba yenye kiberiti yanapoyeyushwa, yanatoa gazi kali. Gazi hiyo haiachwi iende kuua miti na vifua vya watu. Inageuzwa kuwa asidi. Kazi ya kuigeuza inazaa moto mwingi wenyewe, bila kuchoma kitu kingine tena. Zamani moto huo ulipozwa kwa maji tu, ukapotea. Mafundi wakabadili vyombo ili maji yatoke yenye joto la digrii 90, si vuguvugu. Tangu mwaka 2018 maji hayo yanapelekwa kwa bomba mpaka mtaa mpya wa bandarini, HafenCity. Walihesabu ya kuwa yanatosha kupasha nyumba kama 8,000. Mwaka 2024 waliongeza mabomba ili kufikia nyumba 20,000 zaidi.

Mtu wa Katanga akisikia hayo atatikisa kichwa. Shaba ya kwanza ya Lubumbashi iliyeyushwa mwaka 1911. Babu zetu walisimama mbele ya tanuru zile, jasho likiwatoka, wakaona moto ulivyopanda mbinguni. Ule mlima mweusi wa takataka za shaba ulio kando ya mji ulimwagwa ukiwa mwekundu, ukawaka usiku kama jua lililoanguka. Nani aliuliza moto ule ungeweza kufanya kazi gani tena?

Majibu kwa wanaosema haiwezekani

Wanasema: "Moto wenyewe ni hafifu, ni vuguvugu tu." Waende London, mtaa wa Islington. Treni za chini ya ardhi zimezunguka humo tangu miaka zaidi ya mia, na udongo umeshika joto lao. Abiria wanatoka jasho wakati wa kiangazi. City Road ni stesheni iliyofungwa mwaka 1922. Shimo lake la hewa lilibaki. Mwaka 2020 serikali ya mtaa iliweka hapo mashini inayokusanya hewa hiyo ya vuguvugu, na pampu za joto zinalipandisha joto lake hata maji yafike kama digrii 80. Pampu ya joto ni ndugu wa friji: friji inaondoa joto ndani na kulitoa nje, pampu inalikusanya nje na kuliingiza ndani. Kwa kazi hiyo, pamoja na mtambo wa zamani uliowekwa mwaka 2012, nyumba zaidi ya 1,300 zinapata moto, hata shule na mabwawa ya kuogelea. Tena wakati wa kiangazi wanageuza feni, hewa baridi inaingia kwa abiria. Jambo moja, faida mbili.

Wanasema: "Moto hauwezi kwenda mbali." Ni kweli, moto haupendi safari kama umeme. Lakini tusiongeze chumvi. Praha, mji mkuu wa Cheki, unapokea moto kutoka kiwanda cha umeme cha Mělník, kwa bomba la zaidi ya kilometa 30. Bomba likivikwa vizuri, maji yanafika yangali ya moto. Na majumba ya kompyuta, je, nani alilazimisha yajengwe porini? Jumba jipya linaweza kujengwa karibu na watu, kama wakubwa wakiamua hivyo kabla ya jiwe la kwanza.

Wanasema: "Mabomba ni ghali." Neno hili ndilo la haki kuliko yote, nami silikatai. Kuchimba barabara za mji wa kale ni kazi nzito, na fedha zinatoka leo, faida inakuja baada ya miaka ishirini au thelathini. Lakini mabomba ya gazi yalilazwa bure? Nguzo za umeme zilisimamishwa bure? Reli ya kutoka Katanga mpaka bahari ilijengwa kwa faida ya mwezi mmoja? Kila kitu kinachosaidia watu wengi kwa miaka mingi kinaanza kwa gharama kubwa. Asiyetaka gharama hiyo anachagua gharama nyingine: kununua gazi milele, kwa bei atakayotaka mwingine.

Kosa liko wapi?

Basi, kama mafundi wanaweza, na moto upo, na baridi ipo, kinachokosa ni nini? Kinakosa mapatano. Mwenye kiwanda anasema: "Kazi yangu ni kutengeneza shaba, si kupasha nyumba." Mwenye mabomba anasema: "Sina hakika kama kiwanda kitadumu." Serikali ya mji inasema: "Hilo si letu." Kila mmoja anamngoja mwenzake, na moto hauwangoji. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wakati mwingine serikali yenyewe imefunga mlango. Denmark, hiyo hiyo niliyoisifu, kwa miaka mingi ilitoza kodi juu ya moto wa ziada uliouzwa. Aliyetupa moto wake hewani hakulipa kitu; aliyempa jirani alilipa. Mwaka 2022 kodi hiyo ilipunguzwa sana, lakini ilichukua muda mrefu wakubwa kuona kosa lao.

Ujerumani, mwezi wa kumi na moja wa mwaka 2023, ilitoa sheria: jumba kubwa la kompyuta litakaloanza kazi tangu mwezi wa saba wa 2026 litumie tena sehemu 10 katika 100 za nguvu yake, la 2027 sehemu 15, la 2028 sehemu 20. Ni vema kwamba sheria ilitungwa. Lakini mpango wa kwanza ulitaka sehemu 30 na hata 40! Wenye kompani walilalamika, wakasema haiwezekani, na hesabu ikashuka. Namna hiyo ndiyo haki ya mnyonge inavyopunguzwa: si kwa kukataliwa wazi, bali kwa kukatwa kidogo kidogo mezani, mahali ambapo yeye hakualikwa.

Wako waliofanya vizuri zaidi. Stockholm, katika Swedeni, kompani ya mabomba imetangaza bei: mwenye jumba la kompyuta, hata mwenye duka lenye mafriji makubwa, anaweza kumuuzia moto wake wa ziada. Bei inapanda baridi ikizidi. Hapo mwenye moto hashawishwi kwa hotuba, anaona fedha. Huko Ireland, mtaa wa Tallaght karibu na Dublin, serikali ya mahali iliunda kompani yake, na tangu mwaka 2023 moto wa jumba la kompyuta la Amazon unapasha ofisi za serikali na shule kubwa ya ufundi. Kompani inautoa bure. Ni mwanzo mzuri. Lakini mkumbuke zile sehemu 21 katika 100, kisha mpime: tone moja katika pipa.

Tusidanganywe

Nimetetea moto wa ziada kwa nguvu. Sasa niseme pia hatari yake, maana mtetezi anayeficha upande mmoja si mtetezi wa kweli.

Hatari ya kwanza: moto wa jirani usiwe marashi ya kufunika harufu. Kompani inayotumia umeme kupita kiasi isitupige picha za nyumba mia ilizopasha ili tusiulize habari za umeme wenyewe. Kwanza apunguze upotevu, kinachobaki, agawe. Copenhagen ilifungua mwaka 2017 kiwanda kikubwa cha kuchoma takataka, Amager Bakke, chenye mlima wa kuchezea juu ya dari yake. Kinapasha nyumba nyingi. Lakini tumbo lake ni kubwa kuliko takataka za mji; ikabidi kuagiza takataka za nchi nyingine ili lishibe. Huko ni kugeuza kanuni juu chini. Moto wa ziada ni makombo ya karamu. Hatupiki karamu kwa ajili ya makombo.

Hatari ya pili: mtu aliyefungwa kwenye bomba moja hana soko lingine. Asipolindwa, mwenye bomba atamnyonya. Kwa hiyo Denmark iliweka sheria kwamba wenye mabomba ya moto wasichume faida. Bei iwe sawa na gharama za kweli. Wote wanaotaka kufuata mfano wa mabomba yao wafuate na mfano wa sheria hiyo. Bomba bila sheria ni kamba shingoni mwa maskini.

Na sisi tulio mbali?

Mwingine atauliza: "Haya yote ya Ulaya yatuhusu nini? Kwetu jua ni bure." Yanatuhusu. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa katika Kongo, na nchi yetu sasa ni kati ya za kwanza kwa shaba. Umeme wa majumba yale unapita katika nyaya za shaba. Udongo wetu umetobolewa, mito yetu imechafuka, vijana wetu wameshuka mashimoni. Anayetumia madini yetu ana deni la kutoyatumia ovyo. Tunayo haki ya kumwuliza: umeme wako ulifanya kazi mara ngapi kabla ya kuutupa?

Tena nasi tuna viwanda. Likasi, Kolwezi, Lubumbashi, matanuru na viwanda vya asidi vinawaka. Hatuhitaji kupasha nyumba, kweli. Lakini hospitali inahitaji maji ya moto kila saa. Mahindi na mihogo inahitaji kukaushwa mvua inapokawia kuisha. Leo kazi hizo tunazifanya kwa makala, na kwa ajili ya makala tunamaliza miti hata mbali na mji. Kiwanda kikijengwa, nani anauliza moto wake utakwenda wapi? Tunauliza habari za kazi, za kodi, za barabara. Tuongeze swali hilo.

Swali hilo moja ndilo ninalolitaka, hapa na huko Ulaya. Kabla ya kutoa ruhusa ya kujenga kiwanda, tanuru au jumba la kompyuta, mkubwa wa mji aulize: moto utakwenda wapi? Asiye na jibu arudi nyumbani akalitafute. Jibu likipatikana kabla ya kujenga, ni karatasi na mstari mmoja wa bomba. Likitafutwa baada ya kujenga, ni barabara kuvunjwa na fedha kulia.

Wazee walisema akiba haiozi. Walisema kweli juu ya mtama na fedha. Lakini moto ni akiba inayooza saa ile ile. Mkutano ukiahirishwa mpaka mwaka ujao, moto wa mwaka huu umekwisha kwenda mawinguni, na mzee wa nyumba ya pili amekwisha kupita baridi yake gizani, akijifunika blanketi tatu.